Kidoko cha Pomboo wa Mtoni

Nilimsikia kabla sijamwona. Kilikuwa kidoko kimoja kikavu, kama kijiti kinachovunjwa nyuma ya mlango. Tk. Kikafuata kimya, zikafuata nyayo mbili tatu, halafu tena: tk. Nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba moja ya Hodge Hill, Birmingham, saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa Januari, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni, na nilikuwa nimeshabisha mara mbili. Kidoko cha tatu kilitoka karibu kabisa, nyuma tu ya ubao wa mlango, usawa wa uso wangu.

Mtu aliyelelewa Nakuru hahitaji kufundishwa maana ya kidoko. Mama akikupigia, umeharibu. Mtu asiyekujua akikupigia, amekupima akakuona huna uzito. Na wiki hiyohiyo bibi mmoja wa upande wa pili wa mji alikuwa amenitazama kupitia dirishani, akaniambia nirudi nilikotoka kwa sababu hataki mikono yangu imguse. Nilirudi kituo cha basi nikiwa nimejaa maneno niliyoyameza. Sasa hapa tena, mlango haujafunguliwa hata, napigiwa kidoko.

Nilijibu. Nilibana midomo, nikavuta pumzi kati ya meno, nikatoa msonyo mmoja mrefu wa sokoni, msonyo ambao marehemu bibi yangu angeusikia angetafuta fimbo.

Nyuma ya mlango nyayo zikasimama. Kisha mtu akacheka.

"Wewe natoka Kenya!" sauti ya mzee ikasema, kwa Kiswahili. "Hii msonyo iko ya Kenya kabisa. Miaka hamsini mimi hapana sikia."

Mlango ukafunguka. Alikuwa Kalasinga, mrefu, kilemba cha buluu kimefungwa sawasawa, ndevu nyeupe zimechanwa kama za mtu anayekwenda harusini. Macho yake yalikuwa wazi, lakini yalitazama mahali fulani juu ya bega langu la kushoto, kama kwamba nyuma yangu kulikuwa na mtu muhimu zaidi.

"Nisamehe, mzee," nikasema. "Nilidhani umenipigia kidoko."

"Mimi napiga, ndiyo. Lakini hapana piga wewe." Akageuza kichwa, akaalisha ulimi kuelekea ukumbini. "Mimi napiga ukuta."

*

Alikuwa amepoteza macho kwa ile presha ya macho inayoyaua polepole, kutoka pembeni kuja katikati, mpaka dunia ikabaki tundu, na tundu likazibika. Mke wake alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Aliishi peke yake katika nyumba hiyo ya vyumba vitatu, nusu ya jengo, nusu nyingine ya jirani, kama nyumba zote za mtaa ule. Kazi yangu ilikuwa kufika kila asubuhi kwa nusu saa: kumwogesha, kumpa dawa na kifungua kinywa, kuandika kwenye simu ya kazi kwamba yote yamefanyika, na kukimbilia basi la kwenda kwa mzee mwingine.

Lakini nilimkuta kila siku ameshaoga, ameshavaa, kilemba kimeshafungwa. Alikuwa anatembea vizuri ndani ya nyumba yake kuliko ninavyotembea mimi ndani ya yangu. Alipiga kidoko kimoja akiingia chumbani, akainamisha sikio, basi akajua. Mlango uko wazi. Kabati limefungwa. Kuna koti limetundikwa pale ambapo jana halikuwapo.

"Wewe nasimama karibu na jokofu," aliniambia siku ya pili. "Mkono moja nashika kitu mbele ya tumbo. Laini. Begi?"

"Ni taulo, mzee."

"Taulo nakula sauti," akasema, akionekana amekasirika na taulo.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema, kwenye reli. Alianza kazi akiwa kijana katika karakana ya reli Nairobi, na alipokuja Uingereza pamoja na Wahindi wengine wa Kenya alipata kazi Tyseley, kwenye yadi ya treni, akaifanya mpaka alipostaafu. Miaka ya mwanzo kazi yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Gonga, sikiliza, songa mbele.

"Gurudumu zima naimba," alisema. "Gurudumu iko na ufa nakohoa. Watu hapana jua, lakini kila kitu nasema ukigonga. Hata wewe."

"Mimi nasema nini?"

Akapiga kidoko kunielekea, akainamisha sikio kama daktari.

"Wewe hapana kula asubuhi."

Ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo tulikunywa chai pamoja, na kwa kuwa hakuhitaji kuogeshwa, tulikuwa na dakika kumi na tano zisizo na kazi. Ndipo alipoleta kitabu.

*

Kilikuwa kitabu kikubwa cha picha, cha Kiingereza, kuhusu pomboo wa mitoni. Mke wake alikuwa amekinunua Moseley, kwenye duka la vitu vilivyotumika, kwa sababu ya hadithi moja aliyoisikia kwa mumewe mara nyingi. Akiwa na miaka tisa mzee alipelekwa na bibi yake Punjab kuwaona ndugu, katika kijiji kando ya mto Bias. Asubuhi moja ya ukungu walishuka mtoni. Hakuona kitu, hata maji yenyewe hakuyaona. Alisikia tu pumzi nzito ikitoka majini, pfuu, kama mtu aliyetua mzigo. Bibi yake akamwambia aondoe viatu, maana mto umepumua.

"Ulimwona mwenyewe lakini? Huyo mnyama?"

"Hapana. Nilisikia tu. Mama ya nyumba, mke yangu, alisema, siku moja tunaenda, unaona kwa macho yako." Akasukuma kitabu kuelekea kwangu, juu ya meza. "Macho yalikwisha kwanza. Halafu yeye. Sasa wewe soma."

Nikawa nasoma kwa Kiingereza moyoni na kutamka kwa Kiswahili. Kila siku kurasa mbili tatu. Mwanzoni hakulijua neno pomboo, na mimi wa Nakuru nilikuwa nalijua kwa kusoma tu.

"Ni samaki asiye samaki," nikamweleza. "Ana damu moto, ananyonyesha, lazima atoke juu kupumua."

"Kama sisi. Mhindi asiye Mhindi. Kule nasema sisi Waafrika, Afrika nasema sisi Wahindi, hapa nasema sisi Wapakistani." Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Endelea. Mimi napenda huyu."

Nilimsomea kwamba pomboo wa mito ya Bara Hindi hana macho ya kusema. Jicho lake ni tundu dogo kama la sindano, halina kioo ndani. Linatambua mwanga na giza, basi. Maji ya kule ni mazito kwa matope, na macho hayakuwa na kazi, yakajiendea. Badala yake anapiga vidoko. Anavipiga mfululizo, mchana na usiku, na kwa sauti inayorudi anajua samaki yuko wapi, mchanga umeinuka wapi, wavu umetegwa wapi.

Mzee aliweka kikombe chini. Nilidhani nimemwumiza. Kumbe alikuwa anapanga uso.

"Soma tena hapo," akasema.

Nikasoma tena hapo. Nilisoma mahali hapo mara nne siku ile na nikachelewa basi.

Kulikuwa na mengine. Pomboo yule huogelea kwa ubavu, amelala upande mmoja, na pezi lake la chini linapapasa tope la mto. Niliposoma hilo nikaacha, kwa sababu nilikuwa nimemwona mzee akipanda ngazi: ameegemea upande wa kushoto, na mkono wa kushoto unapapasa ukuta kwa chini, mahali ambapo karatasi ya ukutani ilikuwa imechakaa ikabaki mstari mweupe kutoka ukumbini mpaka chumba cha kulala. Shingo ya pomboo wa mtoni haikuungana mifupa kama ya wenzake wa baharini. Anaweza kugeuza kichwa huku na huku, na hukitikisa muda wote anapopiga vidoko, kama anayekataa na kukubali kwa pamoja. "Kama Mhindi anakubali bei," mzee akasema, na akanitikisia kichwa chake. Mdomo wa pomboo huyo ni mrefu, mwembamba, na meno ya mbele yanaonekana hata akiufunga. Halali kama tunavyolala. Mkondo hausimami, na yeye hawezi kusimama, kwa hiyo anasinzia sekunde chache chache akiendelea kuogelea na kupiga vidoko, anajumlisha usiku mzima kutoka kwenye vipande.

"Hiyo mimi najua," mzee akasema. "Tangu mama ya nyumba alikufa, mimi nalala hivyo."

Wa Amazoni walimchekesha. Hao huzidi kuwa na rangi ya waridi kadiri wanavyozeeka, na madume wana makovu mwili mzima. Dume akitaka jike huchukua tawi, au bonge la udongo, au fungu la majani, akalibeba mdomoni na kulitokeza juu ya maji ili aonekane ana kitu.

"Na wewe, mzee, ulibeba nini?"

"Nati." Akaingiza mkono chini ya kola, akatoa uzi mweusi. Ulikuwa na nati ya shaba, kubwa kama sarafu, imesuguliwa mpaka inang'aa. "Nairobi. Nilisugua wiki mbili. Baba yake alisema, huyu kijana naleta chuma, hapana leta dhahabu? Yeye alivaa mpaka mwisho."

Kisha tukafika kwenye neno moja nikagoma. Kitabu kilisema watu wa mto Ganga humwita mnyama huyo kwa sauti ya pumzi yake. Nikafunga kitabu.

"Nini?"

"Siwezi kutamka mbele yako, mzee. Ni neno la watoto. La chooni."

"Sema. Mimi nimefanya kazi reli."

"Susu," nikasema, nikitazama sakafu.

Alicheka mpaka akashika meza. "Mto mzima! Watu mamilioni nasimama kando ya mto nasema susu, susu!" Akajipangusa macho, yale yasiyoona, ambayo machozi hayakuwa yameyasahau. Kuanzia hapo ndivyo tulivyomwita. Nikifika asubuhi alikuwa akiuliza nyuma ya mlango, "Nani?" nami nikajibu, "Wa susu." Jirani akitusikia, sijui alifikiri nini.

Nilikuwa naruka sura ya mwisho. Nilikuwa nimeisoma nyumbani kwangu na sikuitaka.

*

Binti yake alikaa Moseley na alikuwa daktari wa meno. Alizaliwa Birmingham; Kiswahili cha baba yake alikijua kama wimbo wa redio ya jirani, sauti bila maneno. Alikuja Jumapili na vyakula kwenye vyombo vya plastiki vilivyobandikwa karatasi ambazo baba yake asingeweza kuzisoma. Alimpenda. Nasema hivyo mapema kwa sababu ya yanayofuata.

Mwezi wa Februari mzee aliacha kitambaa karibu na moto wa jiko, kikawaka. Alikizima mwenyewe, kwa sufuria la maji. Lakini jirani aliona moshi, akampigia binti, binti akalia, jiko la gesi likakatwa, na ofisi ya ustawi wa jamii ikapanga kutuma afisa aje atazame kama mzee anaweza kuendelea kuishi peke yake. Afisa angemwomba atembee ndani ya nyumba, apande ngazi, ajitengenezee chai kwa birika la umeme. Akiweza, atabaki, na mimi nitaongezewa muda wa kumtazama. Akishindwa, atahamishiwa makao ya wazee. Binti alikuwa ameshayachagua, karibu na kwake. Yalikuwa na bustani.

"Ni pazuri sana," aliniambia kwa Kiingereza, jikoni, kama anayeniomba nikubali. "Pana joto. Hatakuwa peke yake."

Mzee alikuwa ukumbini. Alisubiri mpaka gari la binti lilipoondoka.

"Wewe sikia," akaniambia. "Hapa mimi hapana kipofu. Hii nyumba mimi najua, yeye najua mimi. Ukinipeleka kule, ndiyo nakuwa kipofu. Unaelewa?"

Nilielewa. Ndiyo maana nilifanya nilichofanya.

Afisa alipiga simu Jumanne kuthibitisha, nami nikapokea. Jina silitaji, lakini binti aliniambia anamjua kidogo kwa kazi zake: mama wa Kijamaika, mtu mzima, mwenye msimamo. Moyo wangu ukashuka. Nilikuwa na mfanyakazi mwenzangu wa Kijamaika, na wiki ya kwanza tu tulikaribia kukunjana mashati kwa sababu nilipiga kidoko nilipoangusha sabuni, naye akadhani nimempigia yeye. Kwao msonyo na kidoko ni matusi kama kwetu, labda zaidi. Tulipatana baadaye kwa sababu hiyohiyo, tukacheka kwamba bahari yote ile haikuosha kitu kidogo hivyo midomoni mwa watu. Sasa nikamwona mama mtu mzima, mwenye kalamu, anafunguliwa mlango na kupigiwa kidoko usoni. Nikakumbuka nilivyosimama pale mwenyewe mwezi wa Januari, na damu ilivyonichemka.

Jumatano asubuhi nikamwambia. "Mzee, kesho usipige kidoko."

Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Kisu kikasimama.

"Naona na nini?"

"Nyumba unaijua. Hesabu hatua. Papasa ukuta. Ni nusu saa tu."

"Susu bila kidoko nagonga mwamba."

"Atadhani unamtukana, mzee. Hata mimi nilidhani. Ataandika vibaya kabla hajaingia ndani."

Akafikiri. Naukumbuka uso wake akifikiri, kwa sababu nilikuwa nautazama kwa haraka, nikiwa na saa mkononi. Aliniamini. Mimi ndiye niliyekuwa na macho, na mimi ndiye niliyejua mambo ya wanawake na heshima.

"Haya," akasema. "Kesho mimi bubu."

Tena nikasafisha nyumba. Nilifika mapema Alhamisi, nikapiga deki, nikafungua madirisha na milango ya vyumba vyote hewa ipite, nikamwaga uchafu, nikapanga viti. Nilitaka afisa akute nyumba inanukia.

*

Alikuwa mama mpole. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa alipoona vyangu. Alimsalimia mzee kwa kumshika mkono kwa mikono miwili, akasema amefurahi kukutana naye, na akaniuliza mimi ni nani kwake, nikasema ni mhudumu wake, na mzee akasema kwa Kiingereza chake cha Tyseley, "Ni msichana wangu wa nyumbani. Kutoka Kenya." Akatabasamu kuelekea dirishani.

Kisha akaombwa atembee.

Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Ulimi ulikuwa tayari umegusa kaakaa. Akaukunja. Akainua mikono yote miwili mbele yake, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, na akaenda kama watu wanavyoigiza vipofu. Aliukosa mlango wa ukumbini kwa upana wa kiganja. Upepo ulikuwa unapita kutoka kwenye madirisha niliyoyafungua, na kila mlango uliokuwa umezoea kufungwa ulikuwa wazi, kwa hiyo alipopapasa ukuta ukuta uliisha mahali ambapo haukuwa na ruhusa ya kuisha. Kwenye ngazi alihesabu kwa sauti, kwa Kipunjabi, akapoteza hesabu, akakanyaga ngazi isiyokuwapo. Yule mama akamdaka kiwiko.

"Taratibu, baba," akamwambia. "Hakuna haraka."

Nilijaribu kumwambia mzee kwa Kiswahili. "Piga, mzee! Piga tu!" Lakini alikuwa ameshaingiwa na aibu, na mtu mwenye aibu hasikii. Jikoni nilikuwa nimeacha mlango wa kabati la juu umefunguka, nilipotoa vikombe vizuri vya wageni. Aliugonga kwa paji la uso. Kilemba kikalegea. Akalipata birika, akalijaza, akaliwasha, na akamimina maji ya moto kando ya kikombe, juu ya meza nyeupe, mpaka yakafika kwenye kidole chake.

Hakupiga kelele. Alisimama kidole kikiwa mdomoni, na kutoka nyuma ya kidole, polepole, kama mtu anayejaribu kama bado anacho, akapiga kidoko. Tk. Akageuka palepale kuelekea bomba, akalifungua bila kupapasa, akatia mkono kwenye maji baridi.

Yule mama alikuwa ukumbini wakati huo, anaandika.

Nilimfuata mpaka nje ya geti. Nilimweleza yote, kwa Kiingereza kilichovunjika kwa haraka: kidoko, magurudumu, kwamba mimi ndiye niliyemzuia, na kwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia babu yake alikuwa na meno mawili na alisonya kutwa, na hakuna aliyemchukia. "Ungemwacha tu," akasema. Alisema ataandika kwamba mhudumu ametoa maelezo, lakini alichokiona ni alichokiona, kuna kidonda cha moto na kuna ngazi, na kwamba binti naye ana kauli. Binti alipoulizwa alisema kweli, baba anafanya milio hiyo tangu mama afariki, na kwamba amekuwa akiogopa kuuliza kama ni akili inaanza kumpotea.

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Niliisoma mimi, mezani, badala ya kitabu.

*

Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama chai ipo. Hakunilaumu, wala siku hiyo wala nyingine. Ningependa angenilaumu. Nilimwomba msamaha siku tatu mfululizo, na siku ya tatu akasema, "Wewe nataka mimi naenda na huzuni yako pia? Mimi sanduku moja tu." Nikaacha.

Asubuhi ya mwisho aliniuliza kuhusu sura niliyokuwa nairuka. Alijua unene wa kitabu kwa vidole. Alijua hatujafika jalada.

Nikasoma. Wa mto Indus, maji yao yamekatwakatwa na mabwawa, na kila kundi limebaki kwenye kipande chake. Wakati mwingine pomboo hupita kwenye lango la bwawa akifuata samaki, akaingia kwenye mifereji ya kumwagilia mashamba. Kwenda ni rahisi. Kurudi dhidi ya maji yanayoshuka hawezi. Malango yakifungwa na mfereji ukikaushwa, anabaki kwenye dimbwi, na dimbwi linapungua. Pengine watu huja wakambeba kwa machela, wamemfunika kitambaa kibichi, wakamrudisha mtoni.

"Pengine," akasema.

"Pengine, mzee."

"Tyseley iko mfereji nyuma ya yadi. Mimi nilikula chakula pale kila siku. Maji nasimama tu. Hakuna kitu napumua." Akapapasa kurasa zilizobaki. "Na wale wengine? Wale wa China, wewe nasoma jina yao mwanzo?"

Nikamwambia. Kwamba walimtafuta kwa meli, juu na chini ya mto, wameweka vyombo majini vya kusikilizia vidoko. Hawakusikia hata kimoja. Na kwamba kabla ya hapo mmoja wao aliokotwa amejeruhiwa, wakamtibu, akaishi miaka mingi kwenye bwawa la saruji, peke yake, analishwa vizuri.

"Yule kwenye bwawa," mzee akauliza, "alipiga?"

Kitabu hakikusema. Ningeweza kudanganya kwa Kiswahili, asingejua.

"Haijaandikwa," nikasema.

*

Nilikwenda kumwona mara moja, mwezi wa Mei, siku yangu ya mapumziko. Binti alikuwa amesema kweli. Palikuwa pazuri, pana joto, bustani ilikuwa na maua. Wahudumu walikuwa wema, wawili kati yao wa Kenya. Zulia lilikuwa nene la kuzamisha kisigino, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, mapazia mazito, viti vya kitambaa, hata dari lilikuwa la vibao laini vya kunyonya kelele ili wazee wapumzike. Nilipokuwa nikitembea ukumbini sikuzisikia nyayo zangu. Nilijua kabla sijafika chumbani kwake.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, kilemba kimefungwa na mtu mwingine, kwa upande. Mikono ilikuwa mapajani. Nilisimama mlangoni nikasubiri anijue.

Hakunijua. Basi nikapiga kidoko mimi. Tk. Kilitoka mdomoni mwangu kikaanguka kwenye zulia kama pamba.

Akainua kichwa. "Wa susu," akasema.

"Mimi, mzee."

"Wewe nasimama wapi?"

Nilimwambia, mlangoni. Nikamwuliza kama amejaribu. Akasema alipiga wiki ya kwanza, na mzee wa chumba cha jirani akalalamika, wakamwomba kwa upole aache, akaacha. Si kwa sababu yao.

"Hapa hakuna ukuta," alisema. "Mimi nagonga, hakuna mtu najibu."

Nilikaa naye saa moja. Sikubeba kitabu, binti alikuwa amekipeleka pamoja na vyombo vingine mahali nisipopajua. Nilimsimulia tena niliyoyakumbuka: jicho la tundu la sindano, kuogelea kwa ubavu, usingizi wa vipande. Akiwa ananisikiliza aliitoa nati chini ya kola akawa anaigonga taratibu kwenye mkono wa kiti. Mkono wa kiti ulikuwa umefunikwa sponji. Akaigonga kwa ukucha, ikatoa mlio mdogo, akaishika mara moja kwa ngumi kama mtu aliyeiba.

Nilipoinuka nilimwambia nitarudi. Alitikisa kichwa chake huku na huku, akikataa na kukubali.

Nilitoka. Milango ya pale ina mkono wa chuma kwa juu unaoivuta yenyewe, polepole, isigonge. Nilisimama ukumbini nikitega sikio. Mlango ukajifunga nyuma yangu, na sikusikia kitu.